Kuomba Radhi kwa Baiskeli

Miembeni, Unguja
12 Februari 1978

Shangazi yangu Bi Mwatum binti Kificho, ziwa lililoninyonyesha,

Assalaamu alaykum. Mkono wako naubusu kutoka huku, na kichwa nakuinamishia unipapase. Sisi wazima. Mama goti linamkera, lakini mdomo mzima kabisa. Jana kagombana na muuza ndizi mpaka ndizi zikakaribia kuiva. Moza mke wangu anakusalimia na anauliza ile dawa ya mafua ya karafuu na asali inachemshwa au inarowekwa.

Sasa la moyoni. Nimepata ubaharia, Shangazi. Meli ya mizigo, ya kigeni, tunaondoka mwisho wa Julai na Mungu ndiye ajuaye tutarudi lini. Mama alilia, kisha akafuta machozi akasema: "Baharini hutii mguu mpaka uwe umezunguka Pemba nzima, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi kwa wakubwa wa marehemu baba yako. Feruzi mwenyewe asingekuacha uondoke hivi hivi." Unamjua Mama. Akishamtaja marehemu hakuna rufaa.

Basi nimeazimia kuzunguka kwa baiskeli. Ninayo Foniksi nzuri, imara, kengele yake inasikika mtaa wa pili. Nitashuka Mkoani, nipande Chake, niende Wete, nifike kwako Konde, halafu Micheweni, nirudi kwa njia ya mashariki mpaka Mkoani tena. Duara kamili, nisimpite mtu. Nilitoka Pemba mdogo, milima naikumbuka kama ndoto tu. Nafikiria mwezi wa Aprili. Nipangie njia, Shangazi, na unambie nani yuko wapi.

Mwanao,
Jaribu Feruzi


Konde
19 Machi 1978

Mwanangu Jaribu,

Waalayka salaam. Barua yako imelala Mkoani kwa mchukuzi mmoja aliyeitia mfukoni akaenda nayo harusini, kwa hivyo usinione mzito. Mie mzima, mgongo ndo unanikumbusha umri. Mwanaasha binti yangu kajifungua mtoto wa kike, mumewe Ame haachi kuchekacheka njiani kama aliyeokota pete. Mbuzi wetu yule mweusi kala jamvi jipya. Mwambie Moza inachemshwa, asiroweke, akiroweka atakunywa maji ya karafuu tu. Barua hii naandika kwa mkono wangu, ujue. Darasa la watu wazima nilikaa mbele, na waliokaa nyuma wakicheka mpaka leo wanatafuta wa kuwasomea.

Ubaharia! Subhanallah. Mtoto niliyemtia ziwa mdomoni mama yake akiwa mgonjwa, leo anakwenda kuona dunia. Nimekaa kizingitini nikaisoma barua tena na tena, nikawa naangalia mikono yangu hii. Mungu mkubwa.

Lakini Aprili, Jaribu! Nani kakutia akili hiyo? Aprili ni masika, yakhe. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa huteleza kama bamia. Utaibeba hiyo Foniksi yako begani kutoka Mtambile mpaka Wete, na watoto watakufuata wakikuimbia. Na ukisema usubiri mpaka mchumo wa karafuu uanze, hutamkuta mtu nyumbani, watu wote wako juu ya mikarafuu, na majamvi ya kuanikia yametandazwa mpaka katikati ya barabara. Ukikanyaga karafuu ya mtu na gurudumu, radhi ndo hupati tena. Njoo mwanzo wa Julai, kipupwe. Ardhi kavu, upepo baridi, na Ramadhani haijaingia.

Njia yako nimekupangia. Mkoani utalala kwa Bi Siti, dada wa nyanya yako, ana usikivu mdogo, mpigie kelele. Chake kuna jamaa zetu, watu wa Bakar. Kutoka Chake usende Wete. Shika njia ya mashariki mpaka Micheweni, kisha uje kwangu Konde, halafu urudi kwa njia ile ile. Mzee Duni wa kisiwani Fundo ntamtumia salamu aje kwako Chake na ngalawa yake. Kati ya Wete na Konde barabara mbovu, daraja limechukuliwa na maji.

Shangazi yako,
Mwatum


Miembeni
10 Aprili 1978

Shangazi yangu kipenzi,

Assalaamu alaykum. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze. Mama kampelekea kanga, anaileta huyu mwenye barua. Goti la Mama limepata nafuu, sasa anagombana na muuza maembe.

Julai nimekubali. Ulisema kweli kuhusu masika. Hapa tu mvua ya jana imenitupa chini mbele ya watu, na Unguja hakuna mlima wa maana. Kila jioni najizoeza. Nafunga gunia la mchanga nyuma napanda Mbweni na kushuka, na wapita njia wanadhani nimeanza biashara ya mchanga.

Lakini njia yako, Shangazi, nimeichora chini kwa kijiti nikaiangalia. Ile si duara. Ile ni nenda-rudi. Na tena, dereva mmoja wa gari la Konde alikuja Unguja kutibiwa jino, nikamuuliza habari za daraja. Alinicheka. Kasema daraja lipo, gari linapita kila siku na abiria na kuku wao.

Na katika majina yote uliyonitajia sikuona jina la Ami Mabruki. Si anakaa pale Mlima Mkungu, katikati ya Wete na Konde? Yeye ndiye ndugu wa pekee wa kiume aliyebaki wa baba. Nimeuliza tu.

Mwanao,
Jaribu


Konde
28 Mei 1978

Mwanangu Jaribu,

Waalayka salaam. Kanga imefika, jina lake limenichekesha, mwambie mama yako nimeelewa. Mjukuu ameanza kutabasamu. Mvua bado, mpunga wa bondeni umesimama vizuri mwaka huu, ukiutazama asubuhi na ukungu juu yake unasahau kuwa una njaa. Mbuzi mweusi tumemuuza, hakufaa.

Nimekuwekea jogoo. Nimekuwekea na muhogo mkavu wa safari. Bi Siti kanitumia salamu kuwa ukilala Mkoani siku moja tu atakuona hujalelewa, kwa hivyo weka mbili. Watu wa Bakar nao wanadai. Ukiwasikiliza wote utazunguka Pemba mpaka ndevu zako ziote mvi, na meli imekwenda. Kula kidogo kila nyumba, usishibe ya kwanza.

Funga breki vizuri. Milima yetu si kupanda kunakouma watu, ni kushuka.

Hayo mengine uliyouliza, tuyaache.

Shangazi yako


Miembeni
8 Juni 1978

Shangazi yangu,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia kwa adabu na nikikosea nisamehe kabla hujamaliza kusoma.

Nilimbana Mama. Kaniambia una kiapo, na kwamba hujaonana na Ami Mabruki tangu nilipokuwa mtoto. Sababu hakusema. Kasema, "Hayo ni ya Mwatum, muulize mwenyewe."

Shangazi, mimi naondoka kwenda baharini. Nimeambiwa niombe radhi kwa wakubwa wote. Nikimruka ndugu wa baba yangu, wa tumbo moja, hiyo radhi nitakayokuwa nayo ni ya aina gani? Na kumpitia mlangoni bila kubisha hodi, Pemba, kwa baiskeli yenye kengele! Nitamfanya nini yule mzee mbele ya majirani zake? Naogopa, Shangazi. Naogopa kuondoka na kitu kimepungua, kisha meli ikiyumba niwe nakikumbuka hicho.

Nambie la kufanya. Lakini nambie na sababu.

Jaribu


Konde
20 Juni 1978

Jaribu,

Waalayka salaam. Wote wazima.

Umetaka sababu, chukua. Marehemu mume wangu Msellem alikuwa na mikarafuu ya baba yake pale Mlima Mkungu. Baada ya Mapinduzi shamba lilichukuliwa likakatwa vipande vya eka tatu tatu, watu wakagaiwa. Hilo halikuwa letu peke yetu, nchi nzima iligaiwa, na babu yako Kificho mwenyewe alikuja kisiwa hiki mchumaji hana hata mti, sina la kusema. Lakini kipande kile chenye kisima, alipozaliwa Msellem, alipewa nani? Ndugu yangu Mabruki. Na alikipokea. Akajenga na nyumba. Msellem hakusema neno. Aliacha kwenda upande ule, na mwaka wa pili akafa, na mpaka anakufa hakusema neno.

Siku ya hitma Mabruki alikuja kwangu amevaa kilemba. Nikamwambia mbele ya watu: Wallahi, mguu wangu hautakanyaga ua wako maadamu mie ni hai. Na sikukanyaga. Na yeye hajakanyaga wangu.

Wewe ni mwanangu kwa ziwa. Sikuzuii bahari wala sikuzuii Wete, pita njia unayotaka, chora duara lako. Lakini ukiingia ua ule kunywa maji ya kisima kile, usije kwangu. Chagua mwenyewe.

Mwatum


Miembeni
24 Julai 1978

Shangazi yangu,

Assalaamu alaykum. Nimerudi salama. Miguu haijarudi, bado inazunguka yenyewe nikilala. Moza kahamia ukingoni mwa kitanda.

Kwako sikuweza kuzungumza. Ulinipikia, ukanikanda miguu, ukaniwekea mkono kichwani ukasema "Nimekuridhia," na mimi nikakwepa macho yako kama mwizi. Acha niseme sasa.

Shangazi, mnaishi mahali gani! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Nilipotoka Mkoani nilidhani nitaona mlima mmoja, nitaupanda, basi. Kumbe ukifika juu ya mmoja unaonyeshwa mwingine, na nyuma yake mwingine, na kila bonde lina mpunga wake na mto wake mwembamba na nyumba moja inafuka moshi. Kati ya Chake na Wete nilipanda mlima nikisukuma baiskeli, jasho linaniingia machoni, nikafika juu nikageuka. Bahari upande huu na bahari upande ule, na katikati mikarafuu imejaa vikonyo vibichi, yote imesimama kimya. Nikakaa chini, Shangazi. Nikasema Allahu Akbar kwa sauti, na bibi mmoja aliyekuwa akipalilia akanijibu kutoka bondeni bila kuniona. Sijawahi kuogopa kwa furaha namna ile. Na kushuka kwake! Ulinionya. Breki zilinuka, machozi yakanitoka, kofia ilikwenda zake na sijui nani anaivaa sasa.

Na watu. Mzee Duni alivuka kutoka Fundo na ngalawa mpaka bandarini Wete, amekaa juani tangu alfajiri, kisa apate kunishika mkono na kusema "Nenda, nimekuridhia." Kisha akageuza ngalawa akarudi. Bi Siti alinisomea dua ndefu mpaka chakula kikapoa, kisha akauliza mimi mtoto wa nani. Watu hawana kitu na wananipa, hawanijui na wananililia.

Sasa la Mlima Mkungu. Nilishika amri yako. Lakini habari zilishatangulia, unaijua Pemba. Nilipokaribia kileleni nilimwona mzee amesimama kando ya barabara, kanzu safi, kashika kata ya maji kwa mikono miwili. Nilimjua mara moja, Shangazi, ana kipaji cha uso cha baba na chako. Nikasema "Assalaamu alaykum, Ami," na sikusimama. Kama ningesimama nisingeweza kuja kwako. Akajibu salamu. Hakuniita. Nilipogeuka kule chini alikuwa bado ameshika ile kata.

Nimezunguka Pemba nzima, Shangazi, na duara langu halikufunga. Sikulaumu. Naumia tu. Kesho kutwa naondoka. Baiskeli nimeiacha Mkoani kwa Bi Siti, nimeagiza ipandishwe gari iletwe Konde, awe nayo Ame. Barua nitumie kwa anwani ya wakala iliyo nyuma ya karatasi hii.

Mwanao,
Jaribu


Konde
11 Agosti 1978, mwezi wa Ramadhani

Mwanangu Jaribu, uliye juu ya maji,

Waalayka salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sijui barua hii itakukuta bandari gani wala mkono wa nani utakupa, lakini Mungu anayekuona wewe ndiye anayeniona mie. Tumefunga wote, wazima. Moza na mama yako wametuma salamu. Mjukuu kaota jino. Foniksi ilifika, na Ame haipandi, anaifuta tu.

Kwanza usihangaike: radhi ya ami yako unayo. Nimekuombea mwenyewe na umepewa. Sasa soma imekuwaje.

Barua yako niliisoma, sikula siku ile. Ile kata ndiyo iliyoniua, Jaribu. Nikajiambia, mie niliapa juu ya mguu wangu, mbona nimemfunga mtoto miguu yake? Ikafika mwisho wa Shaabani, watu wanapita majumbani kuombana radhi kabla ya mwezi kuandama, kila anayebisha hodi kwangu ananiambia "Nisamehe, Bi Mwatum," na mie najibu "Nimekusamehe," na ulimi unaniwasha. Nikamwita Ame. Nikamwambia toa hiyo baiskeli.

Akadhani nimepandwa na shetani. "Mama, kwenda wapi?" Nikamwambia Mlima Mkungu. "Na kiapo?" Nikamwambia, niliapa mguu, sikuapa makalio. Wewe utaingia na baiskeli mpaka uani, mie ntabaki nimekaa pale nyuma, ntamsalimia ndugu yangu, ntamwombea radhi Jaribu, tutageuza.

Mwanangu, sijapata kupanda baiskeli tangu nizaliwe. Mwanaasha alinifungia mto kwenye keria, nikajifunika buibui, majirani wote nje. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, wakinambia. Nikawaambia kafungeni milango yenu. Kwenye miteremko nilimshika Ame kiuno mpaka akapiga kelele, na kwenye mipando alishuka akasukuma, na mie juu kama biharusi. Basi nikaona. Miaka yote hii nimekaa Konde nikakataa kutazama upande ule, na nimekutana nao tena nikiwa mzee, juu ya mto wa kulalia. Ile mikarafuu! Na bahari pande mbili, kama ile uliyoandika! Nililia na nikacheka, na Ame akawa anauliza, "Mama, umeumia?" Sikuumia. Nilikuwa nastaajabu tu kwamba Mungu ameiweka pale wakati wote, hata nilipokuwa nimenuna.

Tukafika. Tukaingia uani na baiskeli, kengele inalia, Ame kasahau kuitoa kidole. Nilimkuta Mabruki ana watu. Wamekaa juu ya jamvi wamezunguka masinia ya wali, na si watu wa cheo, Jaribu. Yule kipofu wa Mgogoni, wajane wawili watatu, yule mpagazi asiye na mkono, watu kama hao. Nikadhani ni hitma. Nikauliza nani kafa.

Mabruki akasimama. Amezeeka, mgongo umekwisha. Akaja akashika mpini wa baiskeli, akawa ananitazama miguu yangu inavyoning'inia.

"Hakufa mtu," akasema. "Shuka, Mwatum."

Nikamwambia, "Naogopa kiapo."

Akasema, "Unaona hawa? Ni kumi. Kila mwaka, Shaabani ikiisha, nalisha maskini kumi. Tangu ile siku ya hitma ya Msellem. Kafara ya yamini yako, ya kukufungua kile kiapo, nimeitanguliza, siku utakayotaka kuja usiwe na kizuizi. Shehe kaniambia haitoshi bila idhini yako mwenyewe. Basi nikawa nalisha, nangojea unipe idhini."

Kila mwaka, Jaribu. Hata ile miaka nilipokuwa nikisikia habari zake nikitema mate. Ame alilia akaiachia baiskeli, Mabruki akaishika peke yake, na mie niko juu. Habari za shamba hatukusema neno, na sijui kama tutasema.

Nikamwambia, "Idhini nimekupa."

Nikashuka. Wale watu wakanisogezea nafasi kwenye jamvi, nikanawa mkono, nikala nao.

Shangazi yako, aliyekuridhia,
Mwatum binti Kificho